Kupanga kinga ya moto kwenye jengo la biashara kuanzia mchoro wa kwanza

Nimekaa kwenye vikao vingi vya ramani na karibu kila mara mambo yanaenda hivi: jengo linachorwa mpaka linaisha, mteja anapenda muonekano, gharama zinapigwa, alafu ndo mtu mmoja anauliza, "na mambo ya moto tunaweka wapi?" Hapo unakuta hamna pa kuweka. Ngazi ya pili ilitakiwa ikae sehemu ambayo tayari ni duka, shafti ya moshi (njia ya wima ya kuutoa nje) haina pa kupita maana mihimili imekatiza, chumba cha pampu kimegeuzwa stoo, na tangi la maji halijaingia kwenye hesabu ya mhandisi wa miundo. Kinachobaki ni kununua mitungi myekundu, kuitundika ukutani, na jengo linafunguliwa hivyo hivyo. Hii inaniuma kila nikiiona kwa sababu kurekebisha kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja, kurekebisha kwenye zege ni kubomoa.

Kinga ya moto inakula nafasi. Ngazi zina upana wake, shafti ina eneo lake, tangi lina uzito wake, gari la zimamoto lina mita zake za kupita na kugeuka. Hivi vinne vikiingia kwenye mchoro wa kwanza kabisa, ule wa penseli, vingine vyote vitapata pa kukaa. Kwa hiyo nafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe, watu kwanza, moshi wa pili, kisha mifupa na ngozi ya jengo, alafu maji. Namba nyingi nitakazotaja zinatoka kwenye mwongozo wa Uingereza unaoitwa Approved Document B na kwenye viwango na kanuni za Marekani kama vya NFPA, shirika lao la kinga ya moto, ila sheria ya unakojenga ndo inatangulia, hizi zikusaidie kupima kama mchoro wako umesimama au umepwaya.

Hesabu vichwa kabla ya kuta

Chukua sakafu moja ya mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Ukisema ni ofisi, mwongozo wa Uingereza unakupa mita za mraba 6 kwa kila mtu, unapata watu 100. Ukisema ni duka, mita 2 kwa mtu, watu 300. Ukisema ni mgahawa, mita 1 kwa mtu, watu 600. (Hapo sijatoa eneo la ngazi na vyoo, kwenye hesabu ya kweli utalitoa.) Sakafu ni ile ile, kuta zile zile, ila idadi imepanda mara sita.

Sasa peleka namba hizo kwenye milango. Njia ya kutokea yenye upana wa milimita 850 inabeba watu 110, ya milimita 1050 inabeba 220, ukizidi hapo unahesabu milimita 5 kwa kila mtu. Na hesabu unaifanya ukiwa umeshafuta mlango mmoja, ule mpana kuliko yote, maana moto ukianzia mbele yake huo mlango haupo tena. Kwa hiyo ukiwa na milango miwili, ule unaobaki kwenye ofisi ya watu 100 ukiwa na milimita 850 umetosha, kwenye duka la watu 300 unahitaji 1500, kwenye mgahawa wa watu 600 unafika mita 3 nzima. Unaona sasa, ukichora kama ofisi alafu baada ya miaka miwili mwenye jengo akampangisha mtu wa mgahawa ghorofa ya 4, hakuna rangi wala mtungi utakaoongeza upana wa ngazi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja lisiwe "unataka ghorofa ngapi", muulize wapangaji gani atawakubali na gani hatawakubali kamwe, alafu majibu yaandikwe kwenye mchoro wenyewe. Mimi huwa naandika idadi ya juu ya watu katikati ya kila sakafu, kwa herufi kubwa, ili hata akija msanifu mwingine baadae ajue jengo lilikatwa kwa kipimo gani.

Njia mbili, na ziwe mbali kweli

Ngazi mbili zilizobanana pamoja katikati ya jengo ni ngazi moja. Moshi ukijaa kwenye korido inayozifikisha zote, zote zimekufa. Kanuni ya Marekani ina kipimo kizuri cha kukumbuka, umbali kati ya njia mbili za kutokea usipungue nusu ya mstari mrefu wa kona kwa kona wa sakafu, na kama kuna sprinkla (vichwa vya maji darini) kila mahali unaruhusiwa kushuka mpaka theluthi. Kwenye sakafu yetu ya 20 kwa 30 mstari wa kona kwa kona ni mita 36, so ngazi zako zikae mita 18 mbali, au 12 ukiwa na sprinkla.

Alafu pima mwendo wa mtu. Kwa ofisi na maduka mwongozo wa Uingereza unataka mtu asitembee zaidi ya mita 18 kama ana upande mmoja tu wa kukimbilia, na mita 45 kama ana pande mbili au zaidi. Watu wengi wanapima kwa rula moja kwa moja kutoka kona hadi mlangoni, na mtu hapiti juu ya meza wala hapenyi kwenye rafu, anazunguka. Chora meza na rafu kwanza, ndo upime njia inayopinda.

Milango ya njia za watu wengi ifunguke kuelekea nje, kule watu wanakokimbilia, na ifunguke kwa kusukuma tu bila ufunguo wala kitasa cha kuzungusha. Hii sio nadharia. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle Shirtwaist pale New York kiliungua, wafanyakazi 146 wakafa, na mlango wa ngazi moja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mwaka 1942 ukumbi wa Cocoanut Grove, Boston, ulitoa maiti 492, mlango wa mbele ulikuwa ule wa kuzunguka, ukakwama kwa msukumano wa watu, na milango mingine ilikuwa imefungwa au inafunguka kwa ndani. Mwenye duka atakwambia anaogopa wezi, na hofu yake ni ya kweli, usimdharau, mpe jibu kwenye mchoro: mlango wa kusukuma kwa baa wenye kengele inayolia ukifunguliwa, na kwa nje hauna kishikio. Mwizi atasikika, mteja atatoka, na hakuna atakayekuja na mnyororo na kufuli baadae.

Ngazi ya dharura imalizikie nje, sio kwenye ukumbi wa mapokezi uliojaa makochi na vibanda vya matangazo. Na mtu wa kiti cha magurudumu umemweka wapi? Kwenye kila ghorofa, ndani ya ngazi iliyokingwa, acha eneo la kusubiri lisiloziba wanaoshuka, lenye simu ya kuongea na chumba cha ulinzi. Eneo hilo nalo linaongeza ukubwa wa ngazi, ndo maana nasema mapema.

Moshi ndo unaoua, na unapita kwenye tundu

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibika zaidi.

Tarehe 21 Novemba 1980 hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, ilishika moto kwenye ghorofa ya chini. Moto wenyewe ulibaki huko chini, lakini watu 85 walikufa, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu kabisa, mbali na ndimi za moto. Moshi uliwafuata kwa kupanda kwenye ngazi, shafti za lifti na mianya ya ndani ya jengo. Moshi wa moto ni hewa ya joto yenye sumu, inatafuta kupanda, na jengo la ghorofa lina mabomba ya wima kila mahali ya kuupandisha.

Dawa yake ni kuligawa jengo vipande, kila kipande kina kuta, sakafu na milango inayohimili moto kwa muda unaojulikana, dakika 30, 60, 90 au 120. Ngazi ni kipande chake, shafti ya lifti ni kipande chake, chumba cha umeme, chumba cha jenereta, jiko, stoo, kila kimoja kivyake. Hiyo kwenye karatasi ni rahisi, unapaka rangi kuta za dakika 60 na za dakika 120, ramani inapendeza. Tatizo linakuja mafundi wakiingia.

Ngoja nikuonyeshe ukuta mmoja niliowahi kupandia ngazi kuuangalia. Ukuta wa tofali, umepigwa lipu vizuri, unatenganisha korido na chumba cha umeme, kwenye ramani umeandikwa dakika 120. Nikasukuma kigae cha dari juu, nikamulika tochi. Lipu imeishia sentimita kumi juu ya dari. Juu yake tofali zimepangwa mpaka karibu na slabu alafu zikaachwa, mwanya wa kupitisha mkono. Katikati kuna tundu la ukubwa wa sinia limegongwa kwa nyundo, treya ya nyaya imepita, na pembeni ya treya fundi amejaza mfuko wa saruji uliokunjwa, karatasi tupu. Bomba la plastiki nalo limepita, na kuzunguka bomba kuna povu la njano lile la kujazia fremu za milango. Kwa chini ukuta ni wa dakika 120. Kwa juu ya dari hauna hata dakika 5.

Kwa hiyo kwenye mchoro fanya hivi. Kwanza, andika wazi kwamba ukuta wa moto unatoka slabu mpaka slabu, sio mpaka dari. Pili, kusanya matundu, umeme, maji, na kiyoyozi vipite sehemu moja iliyopangwa, ukiacha kila fundi apige tundu lake utapata matundu mia. Tatu, kila aina ya kitu kinachopita ina kizibo chake: bomba la plastiki linataka kola inayovimba kwa joto na kulikaba bomba likiyeyuka, nyaya zinataka sufu ya mawe na sealanti ya moto iliyopimwa, mfereji wa hewa wa kiyoyozi unataka dampa inayojifunga. Nne, weka kwenye mkataba kwamba kila tundu lipigwe picha, lipewe namba, na dari isifungwe mpaka mtu amekagua. Hii ya nne ikikosekana zile tatu za juu zinabaki maneno.

Mlango wa moto nao una mambo yake. Una ukanda pembeni unaovimba ukipata joto ili kuziba mwanya, kwa hiyo mwanya wenyewe uwe mdogo, kama milimita 3, fundi akirandia mlango kwa sababu unakwaruza ameshaua kipimo. Lazima ujifunge wenyewe. Na hapa tuwaelewe watu, mlango mzito wa korido unaopitwa mara mia kwa siku utawekewa kipande cha mbao chini ili ubaki wazi, hata ubandike mabango kumi. Usipigane na hiyo tabia. Weka sumaku ukutani inayoushika mlango wazi siku nzima, kengele ya moto ikilia umeme wa sumaku unakatika na mlango unajifunga.

Kwa majengo marefu ngazi zinapulizwa hewa na feni ili moshi usiingie hata mlango ukifunguliwa. Presha ya kawaida ni kama paskali 50, na kuna mtego hapo, ukizidisha presha mlango unakuwa mgumu kufungua, viwango vya Ulaya vinataka nguvu ya kufungua isizidi nyutoni 100, sawa na kusukuma kilo 10 hivi. Mtoto na mzee wafungue. Na sehemu ya kuvuta hewa ya feni isiwe juu ya mlango wa jiko au karibu na bomba la moshi la jenereta, utakuwa unapuliza moshi ndani ya ngazi kwa mikono yako.

Mifupa na ngozi

Chuma hakiungui ila kinalegea. Kwenye tanuru la majaribio la ISO 834 joto linafika nyuzi 576 dakika ya 5 na nyuzi 842 dakika ya 30, wakati chuma chenyewe kikishafika nyuzi 600 kimebakiwa na chini ya nusu ya nguvu yake. Kwa hiyo nguzo na mihimili ya chuma ifunikwe, kwa bodi, kwa plasta ya kupuliza, au kwa rangi inayovimba. Bodi inaongeza unene wa nguzo, mwambie msanifu kabla hajapanga vioo vyake. Kwenye zege kinga ni kile kifuniko cha zege juu ya nondo, usiruhusu nondo zigusane na ubao wa fomu.

Ngozi ya nje, tafadhali, usichague kwa rangi tu. Grenfell Tower, London, Juni 2017, moto ulianzia kwenye jokofu jikoni ghorofa ya 4, ukatoka nje na kupanda kwenye paneli za alumini zenye plastiki katikati, watu 72 wakafa. Lilikuwa jengo la makazi, lakini paneli za aina hiyo zimefunika maduka na ofisi nyingi tu duniani. Omba cheti cha majaribio ya ukuta mzima, paneli, insulesheni na fremu kwa pamoja. Na kwenye ule uwazi wa nyuma ya paneli weka vizuizi kila sakafu, vinginevyo umejenga dohani.

Maji: hesabu tangi kabla ya nguzo

Sprinkla ni vile vichwa vya maji darini. Watu wanaogopa kwamba kikilipuka kimoja vyote vinamwaga, hapana, kila kichwa kina kichupa chake cha kioo na kinapasuka kwa joto la pale kilipo, kile chekundu cha kawaida ni nyuzi 68. Moto mwingi wa ofisi unaishia kwa vichwa vichache. Mwaka 1991 jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, liliwaka kuanzia ghorofa ya 22, sakafu moja baada ya nyingine hazina sprinkla, zimamoto watatu wakafa na jeshi zima likatolewa nje. Moto ulipogusa ghorofa ya 30, ambayo mpangaji alikuwa amewekewa sprinkla, vichwa 10 vikafunguka na ukaishia hapo.

Hesabu ya awali unaweza kuifanya mwenyewe. Kwa NFPA 13, kile kiwango cha sprinkla, ofisi ni hatari ndogo, milimita 4.1 za maji kwa dakika juu ya eneo la mita za mraba 139, hiyo ni lita 570 kwa dakika. Ongeza lita 380 za mipira ya kuzimia, jumla 950. Zidisha kwa dakika 30, unapata lita 28,500. Duka sasa, milimita 8.1 juu ya eneo lile lile ni kama lita 1,126, ongeza 946 za mipira, kwa dakika 60 unakaribia lita 124,000. Tangi la tani 28 na la tani 124 ni majengo mawili tofauti kwa mhandisi wa miundo! Mtaalamu atazisafisha hizo namba baadae, ila nafasi ya tangi na pampu mbili, ya umeme na ya dizeli, uwe umeshaiacha. Na darini acha milimita 450 kati ya kichwa na mzigo wa juu wa rafu, chora mstari huo kwenye ukuta wa stoo.

Jiko la biashara linataka mfumo wake juu ya majiko, wa kemikali ya maji, unaokata gesi papo hapo, maana maji matupu kwenye mafuta yanayochemka ni mlipuko. Chumba cha seva kinaweza kutumia gesi, lakini hewa ya ukaa ya kujaza chumba inaua mtu aliyemo ndani, chagua gesi nyingine pale watu wanapoingia. Chumba cha betri za lithiamu kiwe kivyake, mbali na ngazi.

Zimamoto wenyewe nao wanahitaji pa kufanyia kazi. Barabara ya kulizunguka jengo isipungue mita 3.7, Marekani wanataka 6.1, na maua makubwa au geti la kishua vikiziba umejifungia msaada nje. Kwa mwongozo wa Uingereza sakafu ikipita mita 18 unaweka bomba la wima la zimamoto ndani ya ngazi, ikipita mita 50 bomba hilo liwe limejaa maji muda wote. Kule Philadelphia valvu za presha za mabomba ya mipira zilikuwa zimesetiwa chini, zimamoto wakapata maji ya kudondoka. Kuweka bomba pekee hakutoshi, presha ipimwe kwenye mdomo wa juu kabisa.

Kabla ya kukabidhi ufunguo

Tengeneza jedwali moja: kushoto kila kinachoweza kugundua moto, kitambua moshi cha korido, cha joto cha jiko, kitufe chekundu cha ukutani, mtiririko wa maji ya sprinkla; juu kila kinachotakiwa kutokea, kengele, lifti kushuka chini na kufungua, sumaku kuachia, feni za ngazi kuwaka, viyoyozi kuzima, milango ya kadi kufunguka. Weka alama kila panapokutana. Mtu wa lifti, wa kiyoyozi na wa milango wote wasaini jedwali hilo hilo, kwa sababu kila mmoja akifanya kivyake unakuta kengele inalia na mlango wa kadi unabaki umefungwa.

Alafu njooni usiku, jengo likiwa tupu. Puliza moshi wa majaribio kwenye kitambua moshi kimoja, tembea na jedwali mkononi, weka tiki kwa ulichokiona kwa macho, sio ulichoambiwa. Rudia mkiwa mmezima umeme mkuu. Taa za dharura ziwake, ziendelee dakika 90, na katikati ya njia pawe na mwanga wa angalau luksi 1. Mtu mmoja asiyelijua jengo apandishwe ghorofa ya juu kabisa, aambiwe tu atoke. Mfuate kimya kimya na uandike kila kona aliyosimama kufikiri, hapo ndo pa kuongeza alama ya kijani kabla mpangaji wa kwanza hajaleta meza zake.